Springi Kwanza, Mota Baadaye: Milango ya Gereji Inayofunguka Yenyewe Huko Sydenham, Durban

Kifungua mlango cha gereji ni mota ndogo ya umeme inayofungwa darini au ubavuni mwa mlango, ambayo hupokea amri kwa mawimbi ya redio kutoka kwenye rimoti iliyo mkononi mwa dereva, ikauvuta mlango hadi juu na kuurudisha chini bila mtu kushuka garini. Neno gereji, ambalo kwa wasomaji wengi wa Afrika Mashariki huleta kwanza picha ya mahali pa kutengenezea magari, linatumika hapa kwa maana ya chumba cha nyumbani ambamo gari hulala. Katika Sydenham, kitongoji cha jiji la Durban nchini Afrika Kusini, kifaa hiki kimekuwa cha kawaida kiasi kwamba wengi hukinunua kama wanunuavyo jiko au friji: huchagua jina la kampuni, hulinganisha bei, kisha humwita fundi aje kukifunga siku hiyohiyo. Makosa mengi huanzia hapo, kwa sababu mota ni sehemu ya mwisho ya kazi. Sehemu ya kwanza ni mlango wenyewe, na hasa springi zinazoubeba.

Sydenham iko nyuma ya mgongo wa kilima cha Berea, jirani na Overport, Sherwood na Clare Estate, na barabara ya Sparks ni mojawapo ya njia zake kuu. Mwaka 1932 kitongoji hiki, pamoja na Mayville, Greenwood Park na maeneo mengine ya pembezoni, kiliingizwa rasmi ndani ya mipaka ya Durban; na baada ya Sheria ya Maeneo ya Makundi ya mwaka 1950, iliyogawa ardhi ya miji kwa misingi ya rangi, kikaendelea kuwa makazi ya Wahindi na ya watu ambao serikali ya ubaguzi iliwaweka katika kundi la machotara. Sheria ilifutwa mwaka 1991, lakini umbo la mitaa halikufutika pamoja nayo: viwanja vimo kwenye miteremko, nyumba zimeongezwa vyumba kadiri familia zilivyokua, na si ajabu kukuta gereji imejengwa ukingoni mwa barabara, au chini ya nyumba penye mteremko, hivi kwamba kati ya mlango na lami pana nafasi isiyozidi urefu wa gari moja.

Ufupi huo wa nafasi ndio unaoeleza kwa nini mota inathaminiwa sana. Jeshi la Polisi la Afrika Kusini, katika takwimu za uhalifu linazotoa kila robo mwaka, huuhesabu unyang'anyi wa magari na ujambazi wa majumbani kama makosa yenye safu zao wenyewe, na dereva aliyesimama mbele ya mlango uliofungwa, injini ikinguruma na macho yake yakiwa kwenye kitasa, yumo katika hali ambayo wahalifu huingoja. Nairobi au Dar es Salaam, mwenye nyumba ya namna hiyo mara nyingi hupiga honi, na mlinzi aliyeajiriwa humfungulia geti. Sydenham kazi hiyo imeachiwa mashine, ambayo haisinzii lakini pia haina macho ya kumwona mtu aliyejificha nyuma ya mti. Kwa sababu hiyo ushauri unaorudiwa mara kwa mara na polisi na makampuni ya ulinzi ni kwamba dereva asubiri barabarani, mahali ambapo anaweza kuondoka upesi akishuku jambo, abonyeze rimoti kutoka hapo, aingie baada ya mlango kufunguka wote, na asizime injini kabla ya kuhakikisha kwamba mlango umefunga nyuma yake na hakuna aliyeingia naye. Mlango wa kawaida huchukua kama sekunde 12 hadi 20 kupanda, na ni muda huo ambao mwenye nyumba anaununua anaponunua mota: hapunguzi sekunde nyingi, ila anazitumia akiwa garini, milango ya gari ikiwa imefungwa na mguu ukiwa kwenye pedali.

Wazo lenyewe lina karibu miaka mia moja. Mmarekani C. G. Johnson alibuni mlango wa gereji unaopanda juu mwaka 1921, na mwaka 1926 akabuni mota ya umeme ya kuuinua, hasa kwa ajili ya watu ambao mlango mzito uliwashinda nguvu. Jambo la kuzingatia katika historia hiyo fupi ni mpangilio wake: kwanza ulitengenezwa mlango unaoweza kuinuliwa na mtu kwa mkono, kisha ndipo ikaja mota ya kumsaidia mtu huyo. Anayefunga mota leo anapaswa kufuata mpangilio huohuo.

Sababu yake ni ya kifizikia. Mlango wa chuma wa gereji ya magari mawili, ambao Afrika Kusini huwa na upana wa kawaida wa milimita 4,880, unaweza kuwa na uzito wa kilo 80 au zaidi, na ule wa mbao ukapita kilo 100, ilhali mota nyingi za nyumbani hazikutengenezwa kunyanyua mzigo wa namna hiyo peke yake. Kinachoubeba mlango ni springi. Katika mlango wa vipande, yaani ule uliotengenezwa kwa mbao au mabati mapana yaliyounganishwa kwa bawaba na kupanda kwenye reli mbili za pembeni, springi huwa imezungushwa kwenye mhimili wa chuma ulio juu ya mlango, ikasokotwa kwa nguvu wakati mlango ukiwa chini. Mlango unapoanza kupanda, springi hujisokotoa na nguvu yake hupita kwenye kamba za waya zilizofungwa kwenye kona za chini za mlango. Uzuri wa mpango huu ni kwamba kila kipande kinachopinda na kulala kwenye reli za juu huacha kuwa mzigo wa springi na kuwa mzigo wa reli, kwa hiyo uzito uliobaki hupungua sambamba na nguvu ya springi inavyopungua, na mlango uliorekebishwa vizuri husimama popote unapoachwa, kama mizani iliyolingana. Mlango wa kubinuka, ambao ni bamba moja zima linalotoka nje kidogo kwa chini kisha kulala chini ya dari, hutumia aina nyingine za springi na mikono ya pembeni, lakini kanuni haibadiliki: springi hubeba, na mota huongoza tu.

Kutokana na hilo kunapatikana kipimo kimoja ambacho kila mwenye nyumba anaweza kukifanya kabla ya kutoa hata randi moja. Mlango ambao haujafungwa mota, au uliotenganishwa na mota yake, huinuliwa kwa mkono taratibu hadi usawa wa kiuno, kisha mikono hulegezwa bila kuondolewa kabisa. Ukibaki palepale, springi zina afya. Ukishuka kwa uzito, zimechoka au zilikuwa ndogo tangu mwanzo. Ukipanda wenyewe, zimekazwa kupita kiasi. Mlango unaomlazimu mtu mzima kukaza misuli hautatibiwa na mota yenye nguvu zaidi. Mota itauvuta, ndiyo, kwa mwaka mmoja au miwili, huku meno ya gia yakilika na mnyororo ukilegea, na siku springi itakapokatika mlango utaporomoka kwa uzito wake wote. Muuzaji anayejibu malalamiko ya mlango mzito kwa kupendekeza mota kubwa zaidi hamtendei haki mteja wake, na inafaa lisemwe waziwazi.

Springi za kusokotwa kwa kawaida hutengenezwa kustahimili mizunguko 10,000, ambapo mzunguko mmoja ni kufungua na kufunga mara moja. Familia inayotumia mlango mara nne kwa siku humaliza idadi hiyo katika muda usiofika miaka saba. Na kwa kuwa rimoti huufanya mlango uwe mwepesi kutumia, watu huanza kuutumia kama mlango wa mbele wa nyumba, kwa hiyo mota yenyewe hufupisha maisha ya springi. Durban ina jambo la ziada. Hewa yake ni ya joto na unyevu, na upepo wa Bahari ya Hindi hubeba chumvi hadi vilimani, hivyo chuma kisichopakwa mafuta huingiwa na kutu katika mipindo ya springi na katika kamba za waya, hasa mahali zinapojishika na mlango karibu na sakafu yenye maji. Mafuta mepesi ya kupaka kwenye springi, bawaba na magurudumu mara mbili tatu kwa mwaka ni kazi ya dakika chache. Kukaza au kubadilisha springi iliyosokotwa, kwa upande mwingine, si kazi ya mwenye nyumba hata akiwa hodari wa vyombo, kwa sababu nguvu iliyofungiwa ndani yake inaweza kuirusha spana au fimbo ya kukazia na kuvunja mkono au kutoboa jicho kwa nukta moja. Hapo aitwe fundi wa milango aliyezoea kazi hiyo, na mwenye nyumba asione aibu kumwuliza aeleze anachokifanya.

Mlango ukishapita kipimo, ndipo hufuata kazi ya kufunga. Kwa mlango wa vipande na ule wa kubinuka, mota iliyozoeleka huning'inizwa darini katikati ya gereji, na kati yake na ukuta ulio juu ya mlango hupita reli ndefu ambayo ndani yake kigari kidogo huvutwa na mnyororo au ukanda. Kigari hicho kimeunganishwa na mlango kwa mkono wa chuma. Mlango wa shata, unaojikunja kwenye pipa juu, huwa na mota ya aina tofauti inayokaa ubavuni mwa pipa, na anayenunua ya darini kwa mlango wa shata atalazimika kuirudisha dukani. Fundi huanza kwa kutafuta mstari wa katikati ya mlango, kisha huuinua mlango kwa mkono polepole ili aone ni wapi unafika juu kabisa katika mpindo wake, kwa kuwa reli lazima ipite juu ya sehemu hiyo, na katika gereji fupi zilizochimbwa chini ya nyumba sentimita chache zinazokosekana hapo ndizo huamua kama kazi itawezekana. Ncha ya reli hufungwa kwenye lenta ya zege au kwenye ubao imara, si kwenye lipu tupu, kwa kuwa sehemu hiyo ndiyo inayobeba mvuto wote. Makufuli na komeo za zamani huondolewa au kuzuiwa zisifunge, kwani mota ikiuvuta mlango uliokomewa hupinda bamba lake la juu. Na mlango mwepesi wa bati huongezewa chuma cha kuutia nguvu mahali mkono wa mota unapojishika.

Dari ndiyo inayohitaji tahadhari kubwa kuliko yote, na ni tahadhari ambayo haiandikwi kwenye boksi la mota. Nyumba na mabanda mengi ya zamani ya Durban yana paa au dari za saruji iliyochanganywa na asbesto, madini yenye nyuzi nyembamba ambazo zikivutwa na pumzi huweza kuleta saratani na magonjwa mengine ya mapafu baada ya miaka mingi. Afrika Kusini, ambayo kwa muda mrefu ilikuwa miongoni mwa wachimbaji wakubwa wa asbesto duniani, ilipiga marufuku matumizi, utengenezaji, uingizaji na uuzaji wake nje kwa kanuni za mwaka 2008, lakini marufuku hiyo haikuyang'oa mabati yaliyokwisha kupigwa. Bamba lililotulia na ambalo halijavunjika halina hatari kubwa. Hatari huanza linapotobolewa, kukatwa au kusuguliwa, na kufunga mota darini ni kutoboa. Mwenye nyumba iliyojengwa kabla ya marufuku hiyo, asiyejua dari yake imetengenezwa kwa nini, afanye kama vile ina asbesto hadi ithibitike vinginevyo, na amtake fundi atafute njia ya kuishikiza mota kwenye kuta au kwenye maboriti bila kutoboa bamba. Vijana wengi wanaobeba drili katika kazi hizi, wakiwemo wahamiaji kutoka Kongo, Burundi na Tanzania ambao Kiswahili chao husikika katika mitaa mingi ya Durban, wanastahili kuambiwa jambo hili kabla ya kupanda ngazi.

Umeme wenyewe hauna makuu. Volti 230 za ukutani hupunguzwa ndani ya mota hadi volti chache, kwa kawaida 12 au 24, na mota huchomekwa kwenye soketi iliyo karibu nayo. Pasipokuwa na soketi darini, inayowekwa mpya ni sehemu ya mfumo wa umeme wa nyumba, kwa hiyo huwekwa na fundi umeme aliyesajiliwa kwa kufuata kiwango cha taifa kijulikanacho kama SANS 10142-1, naye hutoa cheti cha kuthibitisha kwamba kazi imefuata sheria. Cheti hicho huulizwa tena nyumba inapouzwa, na hakitakiwi kuwa kimezidi miaka miwili. Waya wa kurefushia umeme uliotandazwa darini na kuachwa hapo kwa miaka si badala ya soketi.

Kilichowafundisha zaidi wakazi wa Sydenham kuhusu umeme ni kukosekana kwake. Mgao wa umeme wa shirika la Eskom ulianza kuisumbua nchi mwishoni mwa mwaka 2007, ukafikia hali mbaya kuliko zote mwaka 2023, ukasimama tangu Machi 2024 kwa zaidi ya miezi kumi, kisha ukarudi kwa vipindi mwanzoni mwa 2025. Durban ilikuwa na msiba wake juu ya huo: mafuriko ya Aprili 2022, yaliyoua zaidi ya watu 400 katika jimbo la KwaZulu-Natal, yaliharibu pia mitambo ya umeme ya manispaa ya eThekwini. Kwa hiyo mota isiyo na betri ya akiba haifai kununuliwa huko. Ila betri nayo ina tabia zake. Ile ya risasi na asidi, ambayo ndiyo iliyoenea, huharibika ikiachwa tupu, na mgao wa saa mbili unaorudi mara mbili tatu kwa siku huiacha bila muda wa kujaa sawasawa, hivyo betri iliyotazamiwa kudumu miaka mitatu inaweza kufa kabla ya miwili bila mwenye nyumba kugundua, maana umeme ukiwepo mlango hufunguka kama kawaida. Njia ya kuijaribu ni rahisi: plagi huchomolewa mara moja kwa mwezi, na mlango hufunguliwa na kufungwa mara kadhaa kwa nguvu ya betri pekee. Kwa kuwa ngurumo na radi za kiangazi ni za kawaida KwaZulu-Natal, kizuia radi kidogo kwenye soketi kitasaidia kulinda bamba la elektroniki la mota.

Suala la rimoti linahitaji kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu hapo ndipo usalama wa nyumba unapopatikana au kupotea, na kwa sababu Afrika Kusini ilitoa mchango mkubwa katika jambo hili ambao haujulikani sana hata kwa wananchi wake. Rimoti za kwanza zilituma msimbo uleule kila zilipobonyezwa, mithili ya mtu anayetaja neno la siri kwa sauti mbele ya watu. Aliyelisikia mara moja angeweza kulitaja kesho. Katikati ya miaka ya 1980, Frederick Bruwer wa kampuni ya Kiafrika Kusini iitwayo Nanoteq alibuni utaratibu wa kutuma amri, mtaalamu Gideon Kuhn wa Chuo Kikuu cha Pretoria akabuni hesabu ya kuficha ujumbe iliyopewa jina la KeeLoq, na Willem Smit wa Nanoteq akaitengeneza iweze kukaa ndani ya kijisahani kidogo cha elektroniki. Mwaka 1995 teknolojia hiyo iliuzwa kwa kampuni ya Microchip ya Marekani kwa dola milioni 10, na kutoka hapo ikaenea katika rimoti za magari na milango ya gereji duniani kote.

Ufanyaji kazi wake unaelezeka. Ndani ya rimoti mna kihesabio kinachopanda kwa moja kila kitufe kinapobonyezwa. Namba ya kihesabio hufichwa kwa ufunguo wa siri unaojulikana na rimoti na mota peke yao, kisha hutumwa hewani, hivyo kila ujumbe huwa tofauti na uliotangulia. Mota hukumbuka namba ya mwisho iliyoipokea na hukataa kila iliyo nyuma yake, kwa hiyo ujumbe ulionaswa jana hauna thamani leo. Mtoto akiichezea rimoti mbali na nyumbani, kihesabio hupanda bila mota kujua, ndiyo maana mota hukubali pia namba zilizo mbele kidogo, kwa kawaida hadi 16, na zikizidi hapo hudai jumbe mbili zinazofuatana kabla ya kufungua. Mtu anayelazimika kubonyeza mara mbili baada ya rimoti kukaa na watoto hana haja ya kumwita fundi.

Hakuna kufuli isiyovunjika. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr huko Bochum, Ujerumani, walionyesha kwamba kwa kupima umeme unaotumiwa na kijisahani cha KeeLoq wakati kikifanya hesabu, ufunguo mkuu wa mtengenezaji unaweza kupatikana, na kwamba mwenye ufunguo huo huweza kuiga rimoti baada ya kunasa jumbe mbili tu kutoka mbali. Mwaka 2015 Mmarekani Samy Kamkar alitumia kifaa cha kuchezea cha watoto kufungua, kwa muda usiofika sekunde 10, milango inayotumia misimbo isiyobadilika. Na mwaka huohuo akaonyesha kifaa kingine kinachovuruga mawimbi ili mwenye rimoti abonyeze mara ya pili, huku kikihifadhi ujumbe mmoja ambao haujatumika. Haya hayamaanishi kwamba kila mwizi wa Durban ni mwanahisabati. Wengi hutumia njia nyepesi zaidi, yaani kuvuruga mawimbi tu, ambayo katika vifaa vya Afrika Kusini huwa hasa megahezi 403 au 433, ili amri ya kufunga isifike; dereva huondoka akiamini mlango umeshuka, kumbe umebaki wazi. Dhidi ya hila hiyo hakuna kijisahani kinachosaidia kuliko macho ya mtu anayengoja hadi mlango uguse sakafu. Rimoti ikipotea au gari likiibwa, rimoti hiyo ifutwe kwenye kumbukumbu ya mota siku hiyohiyo, na mwenye nyumba mpya afute zote zilizokuwepo kabla ya kulala usiku wa kwanza, kwa maana hajui ni nani waliwahi kupewa.

Limebaki suala la watoto, na haliwezi kupitwa haraka. Katika miaka ya 1980 watoto makumi kadhaa walikufa Marekani wakiwa wamebanwa chini ya milango ya gereji iliyoshuka yenyewe, na hapo ndipo sheria ya mwaka 1990 ilipotungwa, ikataka kila kifungua mlango cha nyumbani kitakachotengenezwa kuanzia tarehe 1 Januari 1993 kiwe na kinga ya ziada, kwa mfano macho ya mwanga. Jicho la mwanga ni jozi ya vifaa vidogo vinavyofungwa pande mbili za mlango, kimoja kikituma mwali usioonekana na kingine kikiupokea. Mwali ukikatwa na mguu, mbwa au mpira, mlango unaoshuka hugeuka na kupanda. Hufungwa chini, kimo kisichozidi sentimita 15 kutoka sakafuni, kwa sababu anayelindwa ni mtoto anayetambaa. Katika soko la Afrika Kusini macho haya mara nyingi huuzwa kando na mota, na anayetaka kupunguza gharama huanza kwa kuyaacha. Ni akiba mbaya. Mota yenye mpango wa kujifunga yenyewe baada ya sekunde kadhaa, ambao wakazi wengi huupenda kwa ajili ya usalama, haipaswi kabisa kuwashwa bila macho hayo.

Mota nyingi za kisasa huhisi pia ugumu zinapokutana na kizuizi, lakini uwezo huo hutegemea namna fundi alivyozipima, na mlango wenye springi mbovu huifanya mota ishindwe kutofautisha uzito wa mlango na mwili wa mtu. Kipimo chake ni ubao wenye unene wa sentimita 4 hivi uliolazwa sakafuni chini ya mlango: mlango ukiugusa lazima ugeuke na kupanda mara moja. Usipogeuka, mota izimwe hadi irekebishwe. Kitufe cha ukutani nacho kiwekwe juu, angalau mita moja na nusu kutoka sakafuni, mahali mtoto hakifikii na anayekibonyeza anauona mlango.

Kwenye reli ya kila mota ya darini huning'inia kamba fupi, aghalabu nyekundu, ambayo ikivutwa hutenganisha mlango na mota ili uinuliwe kwa mkono, iwe kwa sababu ya betri kufa, mafuriko au moto. Gereji isiyo na mlango mwingine wa kuingilia lazima iwe na kufuli maalumu ya nje inayoivuta kamba hiyo kwa ndani, la sivyo siku umeme na betri vitakapokosekana pamoja familia italala nje ya gereji yake. Watu wengi wa nyumbani hawajawahi kuigusa kamba hii, na baadhi wameifunga juu isiwasumbue. Msomaji mwenye mota nyumbani, awe Sydenham, Mombasa au Muscat, aivute jioni hii mlango ukiwa umefungwa, awaite watoto wakubwa na wazee waone inavyofanya kazi, kisha auinue mlango kwa mkono mmoja hadi kiunoni. Na ukimshinda, ampigie simu fundi wa springi kesho asubuhi, kabla ya kuibonyeza tena rimoti.